Je, Mchukuzi Huulizwa Juu ya Mzigo?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darasa yetu pameulizwa suali ambalo watu wa mji huu wa bandari wana haki ya kupata jawabu yake. Suali lenyewe ni hili: Mtu afanyaye kazi ya kupakia na kupakua merikebu, naye akajua kuwa shehena iliyo mbele yake ni silaha au zana zitakazotumiwa kuwadhulumu watu wa nchi nyingine, je, ana dhambi akiibeba? Au dhambi yote ni ya yule aliyeituma, na mchukuzi hana lake ila ijara yake? Na akikataa, ilhali ana watoto wa kulisha, kukataa kwake kuna faida gani, na watu wale wako mbali, tena huenda si wa dini yake?

Suali hili laonekana dogo, kana kwamba lawahusu makuli wa Kilindini peke yao. Lakini mwenye kufikiri ataona kuwa sote tumo ndani yake. Karani aandikaye hati ya forodha ni mchukuzi. Tajiri akodishaye lori ni mchukuzi. Mwenye duka anunuaye bidhaa ya mnyang'anyi hali yuajua kuwa imenyang'anywa, naye ni mchukuzi. Hakuna dhalimu aliyepata kuitimiza dhulma yake kwa mikono yake miwili. Kur'ani ilipowataja wakosefu wa Misri ya zamani haikumtaja Firauni peke yake, bali ilimtaja pamoja na Hamana na majeshi yao. Basi yatupasa kulitazama jambo hili kwa makini.

Twaanza na lile lililo wazi. Katika Sura ya Al-Maida Mwenyezi Mungu ametuamrisha kusaidiana katika wema na ucha-Mungu, na ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Amri hii haikumtaja mkubwa ikamwacha mdogo, wala haikumtaja mwenye mali ikamwacha asiye na kitu ila mgongo wake. Na katika khabari ya ulevi, Mtume (s.a.w.) aliwalaani watu kumi. Hakumlaani mnywaji tu, bali pamoja naye aliyeukamua, na aliyeuuza, na aliyekula thamani yake, na aliyeubeba, na aliyebebewa. Mchukuzi yumo katika hesabu hiyo, ametajwa kwa kazi yake. Ikiwa abebaye mtungi wa pombe ameingia katika laana kwa kuubeba, abebaye bomu la kuangushwa juu ya nyumba za watu atasema nini?

Ni insafu kutaja kuwa maulamaa hawakuwa na kauli moja katika matawi ya mas'ala haya. Imam Abu Hanifa aliona kuwa ijara ya kumbebea pombe mtu asiyekuwa Mwislamu si haramu, kwani maasi yako katika kunywa, na kunywa ni khiari ya mnywaji. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, hawakukubaliana naye. Ama katika madhehebu yetu ya Shafi, kila kijana aliyesoma Minhaj ya Imam an-Nawawi ataikumbuka mas'ala ya zabibu. Zabibu ni halali, na kuziuza ni halali. Lakini kumwuzia mtu ajulikanaye kuwa atazikamua ulevi kumekatazwa. Ni kitu gani kilichobadilika? Zabibu ni zile zile, na mizani ni ile ile. Kilichobadilika ni ujuzi wa muuzaji. Hapa ndipo penye roho ya suali letu: asiyejua hana la kuulizwa, na ajuaye huulizwa kwa kadiri ya alijualo. Tena tazama tofauti iliyopo baina ya pombe na bomu. Mnywaji huinua kikombe kwa khiari yake, na juu ya khiari hiyo ndipo iliposimama hujja ya Abu Hanifa. Lakini mwanamke aliyelala na wanawe akaangukiwa na bomu hakuchagua neno. Hata kwa kauli iliyo nyepesi kuliko zote, mchukuzi wa bomu hapati mlango wa kutokea.

Hukumu isiyo na mfano ni vigumu kuishika. Basi na tutazame jinsi jambo hili lilivyotendeka duniani, nasi twachagua mfano wa Indonesia, kwa kuwa ndani yake yamo mafunzo mawili: moja litatufurahisha, na la pili litatupima.

Siku ya Ijumaa, tarehe 17 Agosti 1945, katika mwezi wa Ramadhani, Sukarno na Mohammad Hatta walisimama katika mji wa Jakarta wakatangaza uhuru wa nchi yao. Waholanzi walikuwa wameingia visiwa vile kwa njia ya kampuni ya biashara iliyoundwa mwaka 1602, na biashara ikageuka utawala, na utawala ukadumu mpaka Wajapani walipowatoa mwaka 1942. Vita vilipokwisha Waholanzi walitaka kurudi. La ajabu ni kuwa nchi yao wenyewe ilikuwa imetoka tu katika kukaliwa na Wajerumani kwa miaka mitano, nao waliyajua machungu ya kutawaliwa na mgeni kwa silaha; lakini machungu yale hawakuyaona yalipokuwa mdomoni mwa mwingine.

Njia yao ya kurudi ilikuwa bahari, na merikebu zao nyingi zilikuwa katika bandari za Australia, kwani huko ndiko serikali yao ya visiwa ilikokimbilia wakati wa vita. Mabaharia wa merikebu zile wengi wao walikuwa Waindonesia. Katika Septemba 1945 khabari za uhuru zilipowafikia, walishuka merikebuni, Brisbane na Sydney na Melbourne, wakasema hawatapeleka silaha na askari wa kuwapiga ndugu zao. Makuli wa Australia walipoulizwa kupakia shehena zile, nao walikataa, na chama chao kikawaunga mkono. Na baada yao vyama vingine vingi vya wafanyakazi, hata mafundi na wenye tishari za kuvutia merikebu. Waholanzi wakatafuta mabaharia wa Kihindi. Wale nao, Waislamu na Wahindu miongoni mwao, walipoelezwa ni safari ya kwenda wapi na kufanya nini, wakashuka. Mabaharia wa Kichina wakafanya vivyo hivyo. Mwandishi wa Kiaustralia, Rupert Lockwood, aliyeandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1975, alihesabu vyombo zaidi ya mia tano, vikubwa na vidogo, vilivyoguswa na kukataa huko.

Msomaji aulize: ni kitu gani kilichowafanya makuli wa Australia, watu weupe wa nchi ambayo wakati ule sheria yake iliwazuia watu wa Asia kuhamia, wapoteze ijara zao kwa ajili ya Waislamu wa Java ambao hawakupata kuiona nchi yao? Sababu moja yafaa kukumbukwa. Mwaka 1943 Waholanzi waliwahamishia Australia wafungwa wa siasa waliokuwa wamewafungia Boven Digul, katika misitu ya New Guinea. Waaustralia wakagundua kuwa watu wale si wahalifu, ila walitaka nchi yao. Wakawatetea mpaka wakafunguliwa. Watu wale wakakaa mijini, wakafanya kazi pamoja na wenyeji, wakala nao na kuzungumza nao. Basi mwaka 1945, jina la Indonesia lilipotajwa bandarini, kulikuwa na watu waliolijua kwa nyuso. Udugu haukuanza kwa hotuba. Ulianza kwa kujuana, na hii ndiyo hikima iliyotajwa katika Sura ya Al-Hujurat, kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane.

Wala tusiseme kuwa makuli ndio waliowakomboa Waindonesia. Waliojikomboa ni wao wenyewe, kwa damu yao. Tarehe 22 Oktoba 1945 maulamaa wa Nahdlatul Ulama, chini ya mkubwa wao Kiai Hasyim Asy'ari, walitoa hukumu kuwa kuulinda uhuru ule ni wajibu wa dini. Na tarehe 10 Novemba watu wa Surabaya walipigana na jeshi la Kiingereza, siku ambayo Indonesia huiadhimisha kuwa siku ya mashujaa. Waholanzi walifanya mashambulio makubwa mawili, Julai 1947 na Desemba 1948, na katika la pili waliuteka mji wa Yogyakarta wakamkamata Sukarno na Hatta. Misri ilikuwa imekwisha fanya mkataba wa urafiki na dola changa tarehe 10 Juni 1947. Nehru aliziita nchi za Asia na jirani zake katika mkutano wa Delhi, Januari 1949, na nchi kadha zikazifungia anga ndege za Kiholanzi. Umoja wa Mataifa ukaingia, na Marekani ikaanza kuuzuia msaada wake wa fedha. Ndipo tarehe 27 Desemba 1949 Waholanzi wakaitoa nchi mikononi mwao.

Lakini hata kutoka kwao kulikuwa na bei. Katika mapatano ya The Hague ya mwaka huo, Indonesia ilibebeshwa deni la serikali ya kikoloni, kiasi cha gilda bilioni 4.3, na ndani yake zimo gharama za vita walivyopigwa wao wenyewe. Mtu hupigwa, kisha akaletewa hesabu ya fimbo! Mwaka 1956 Indonesia iliyavunja mapatano yale na kukataa sehemu iliyobaki. Twalitaja hili ili ijulikane kuwa uvamizi wa mgeni una mikono miwili. Mmoja hushika bunduki, na wa pili hushika daftari. Na ule wa daftari mara nyingi hubaki baada ya ule wa bunduki kuondoka. Karani na tajiri wasidhani basi kuwa suali la mchukuzi ni la kuli peke yake.

Sasa tuje kwenye hujja za wapingao, nazo ni tatu.

Hujja ya kwanza ni ile ya methali: fimbo ya mbali haiui nyoka. Watu wasema, Kukataa kwa kuli wa Sydney kulizuia nini? Vita vilipiganwa vile vile. Nao wasema kweli kwa kiasi: baadhi ya merikebu ziliondoka zimepakiwa na askari, na Waholanzi walifika. Lakini walifika wamechelewa, na kila mwezi waliochelewa ulikuwa mwezi wa Waindonesia kujipanga. Tena methali hii imewekwa mahali si pake. Fimbo ya mbali ni ile isiyofika. Shehena iliyo chini ya mkono wako si ya mbali. Hiyo ndiyo fimbo yenyewe, nawe ndiwe unayeipitisha. Na juu ya yote, Mwenyezi Mungu hakutukalifisha kuiua nyoka. Ametukalifisha tusimpe mtu fimbo ya kumpigia asiye na hatia. Matokeo ni Yake, na kitendo ni chetu.

Hujja ya pili ni ya tumbo, nayo ndiyo nzito kuliko zote, wala hatuidharau. Kuli ana watoto, na kodi ya nyumba haingoji. Kumwambia mwenye njaa akatae kazi, nawe umeketi barazani na kikombe cha kahawa mkononi, si wema, bali ni kumtwika mwenzio jihadi yako. Sharia yaijua dharura, na yajua kuwa mtu hakalifishwi ila kwa uwezo wake. Kwa hivyo twasema: mzigo wa kukataa usiachwe juu ya mabega ya mmoja. Mabaharia walioshuka merikebuni mwaka 1945 walikatiwa mishahara, wakawa wageni katika nchi ya watu bila ya kazi. Waliweza kusimama kwa sababu hawakusimama peke yao. Vyama na majirani walisimama nao. Mji ambao watu wake hutoa sadaka ya kujenga misikiti, na kulisha watu katika Maulidi, hauwezi kusema kuwa hauna cha kumpa mtu aliyekosa kazi kwa ajili ya haki. Kukataa dhulma ni faradhi ya kifaya. Wachache wakiitekeleza kwa msaada wa wengi, wote wamesalimika. Wasipoitekeleza kwa kuwa wengi wamewatupa, wote wana dhambi, na wa kwanza ni aliyekuwa na uwezo wa kusaidia akafumba mkono.

Hujja ya tatu ni ya dini. Watasema, Wale makuli wa Australia mkubwa wa chama chao alikuwa mkomunisti, mtu asiyemkiri Mungu. Na miongoni mwa waliokusanyika walikuwapo Wakristo na Wahindu na wasio na dini. Je, Mwislamu asimame nao safu moja? Jawabu ya hayo imo katika sira ya Mtume wetu (s.a.w.) kabla hajapewa utume. Mfanyabiashara mmoja, mtu wa Zubaid kutoka Yaman, aliuza bidhaa zake Makka kwa al-As bin Wail, na al-As akamnyima haki yake. Yule mgeni hakuwa na kabila la kumtetea. Ndipo baadhi ya watu wa Makka wakakutana katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, wakaapa kuwa watakuwa mkono mmoja pamoja na aliyedhulumiwa mpaka apate haki yake, akiwa mwenyeji au mgeni. Huo ndio uitwao Hilful Fudhul. Walioapa hawakuwa Waislamu, kwani Uislamu ulikuwa bado. Lakini Mtume, baada ya kupewa utume, alikitaja kiapo kile kwa fakhari, na akasema lau angeitwa kwenye mfano wake katika Uislamu angeitika. Hakusema ataitika kwa sharti ya kuwa aitaye awe Mwislamu, wala kwa sharti ya kuwa aliyedhulumiwa awe jamaa yake. Kushirikiana katika kitendo cha haki si kushirikiana katika itikadi. Mtu asiyesali akimzuia mwizi mlangoni mwa jirani yako, hutamwambia ngoja kwanza utie udhu.

Mpaka hapa msomaji amefurahi, kwani mfano wetu umewaonyesha Waislamu wakidhulumiwa na watu wa dunia wakiwatetea. Sasa twafika kwenye funzo la pili.

Tarehe 7 Desemba 1975 jeshi la Indonesia, ile ile iliyokombolewa kwa damu ya Surabaya, liliivamia Timor ya Mashariki, nchi ndogo iliyokuwa koloni ya Wareno na ambayo siku tisa kabla yake ilitangaza uhuru wake. Siku moja kabla ya uvamizi, rais wa Marekani, Gerald Ford, na waziri wake Henry Kissinger walikuwa Jakarta, wala hawakuuzuia. Baraza la Usalama liliitaka Indonesia itoke, haikutoka. Ikaitangaza nchi ile kuwa jimbo lake la ishirini na saba. Tume ya ukweli iliyoundwa baadaye ilikadiria kuwa waliokufa kwa sababu ya ugomvi ule, kwa kuuawa na kwa njaa na maradhi, kutoka mwaka 1974 hadi 1999, hawakupungua 102,800. Watu wa Timor wengi wao ni Wakatoliki. Na Indonesia ndiyo nchi yenye Waislamu wengi kuliko nchi zote duniani.

Makuli wa Australia walifanya nini? Walifanya lile lile walilolifanya mwaka 1945. Mwaka 1975 walikataa kuzihudumia merikebu za Indonesia, na mwaka 1999 wakakataa tena, pale watu wa Timor walipopiga kura tarehe 30 Agosti, asilimia 78.5 wakachagua kujitawala, na majambazi yaliyolindwa na jeshi yakaichoma miji yao. Watu wale waliosimama na Indonesia ilipodhulumiwa walisimama mbele ya Indonesia ilipodhulumu. Hawakubadilika wao, aliyebadilika ni yule mwenye fimbo.

Na Waislamu wa dunia? Wengi walinyamaza, na wako waliosema kuwa kuiunga mkono Timor ni kuuvunja umma. Hapa ndipo penye mtihani wa kila mtu asemaye kuwa apinga uvamizi wa wageni. Ikiwa twapinga dhulma ya Mholanzi kwa sababu ni dhulma, basi dhulma haibadiliki jina kwa kuvaa kofia ya Kiislamu. Na ikiwa twaipinga kwa sababu ni ya Mholanzi, basi hatukuwa tukiipinga dhulma. Tulikuwa tukimpinga Mholanzi. Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya asabiya, akajibu kuwa ni mtu kuwasaidia jamaa zake katika dhulma. Alituamrisha pia tumsaidie ndugu yetu akiwa ni mwenye kudhulumiwa au ni mwenye kudhulumu. Na masahaba walipostaajabu, wakauliza vipi atasaidiwa dhalimu, aliwaambia kuwa msaada wake ni kumzuia mkono. Na katika Sura ya An-Nisaa tumeamrishwa kusimamisha uadilifu, hata kama ni juu ya nafsi zetu na wazazi wetu na jamaa zetu. Dalili zote hizi zaelekea upande mmoja. Udugu wa Kiislamu si pazia la kumfichia ndugu aibu yake, bali ni haki ya kumshika mkono asizidi kuangamia.

Wala si kwamba Indonesia haikuwa na watu wa kuijua haki. Katika miaka ya 1990 wako vijana wa Kiindonesia waliosimama hadharani pamoja na Watimor, na baadhi yao wakafungwa. Na tarehe 29 Februari 2000 rais wa Indonesia, Abdurrahman Wahid, alikwenda Dili, akalizuru kaburi la Santa Cruz ambapo askari waliwapiga risasi waombolezaji mwaka 1991, akaomba radhi kwa yaliyopita. Mtu huyu alikuwa amekiongoza chama cha Nahdlatul Ulama kwa miaka mingi, naye ni mjukuu wa Kiai Hasyim Asy'ari, yule yule aliyetoa hukumu ya jihadi mwaka 1945. Babu aliwaamrisha watu kumzuia Mholanzi. Mjukuu aliwaomba radhi waliodhulumiwa na jeshi la nchi yake. Wako wadhanio kuwa mjukuu alikwenda kinyume na babu. Sisi twaona kuwa walikuwa juu ya jambo moja.

Mtihani huu haukwisha na Timor. Katika Mei 2019 makuli wa Genoa, katika Italia, walikataa kupakia zana katika merikebu ya Saudia, Bahri Yanbu, kwa kukhofia kuwa zingetumiwa katika vita vya Yaman. Katika Oktoba 2024 makuli wa Piraeus, katika Ugiriki, walilizuia kontena la risasi lililokuwa likienda Israili wakati Gaza ikipigwa. Msomaji na ajiulize kwa siri, yeye na Mola wake: ni khabari ipi katika hizi mbili aliyoifurahia zaidi alipoisikia, na ipi aliyoipita haraka? Aliyekufa Yaman na aliyekufa Gaza wana Mola mmoja, na mtoto mwenye njaa hajui jina la aliyemfungia bandari.

Tumalizie kwetu, kwani elimu isiyorudi nyumbani ni mapambo. Mwezi wa Aprili 2008 merikebu ya Kichina, An Yue Jiang, ilifika Durban na silaha za Zimbabwe, katika siku za fitina ya uchaguzi wa nchi ile. Makuli wa Durban walikataa kuzishusha. Askofu mmoja akaenda mahakamani, na mahakama ikazuia zisipitishwe katika nchi. Merikebu ikaondoka na shehena yake. Mwaka ule ule merikebu Faina ilitekwa na maharamia wa Kisomali ikiwa na vifaru 33, na ilipoachiliwa, Februari 2009, ilikuja kupakua Kilindini. Serikali ilisema kuwa vifaru vile ni vya jeshi la Kenya. Wengine walisema vilikuwa vya Sudan Kusini. Hatuandiki haya kuamua baina yao. Twaandika kuuliza: mji huu, wenye maulamaa na matajiri na vyama vya wafanyakazi, ulikuwa na mahali pa kuliuliza suali hilo? Makuli wa Mombasa si watu wasiojua kukataa. Katika Januari 1947, katika miaka ile ile ya mambo ya Indonesia, wafanyakazi wa mji huu waligoma kwa siku kumi na mbili kwa ajili ya ijara zao, na bandari ikalala. Basi nguvu ipo. Mtu ajuaye kuushusha mkono wake kwa ajili ya mkate wake aweza pia kuushusha kwa ajili ya damu ya mwenzake, ikiwa walio nyuma yake watamhakikishia kuwa mkate hautakatika.

Kwa muhtasari, jawabu ya darasa ni hii. Mchukuzi asiyejua hana dhambi, lakini asifanye kutojua kuwa ni kazi yake. Aulize, na waliosoma wamsaidie kujua. Mchukuzi ajuaye, naye ana uwezo, kubeba kwake ni kusaidia, na kusaidia dhulma kumekatazwa. Mchukuzi ajuaye naye amebanwa na dharura, dhima yake huhamia kwa jamaa waliokuwa na uwezo wa kumfariji wasimfariji. Na wote hao, pamoja na sisi tuandikao, mizani yao iwe moja: wasiishike fimbo ya dhalimu aliye mbali ili waipitishe ya dhalimu aliye wao. Mwenye mizani mbili dukani twamwita mwizi. Mwenye mizani mbili katika damu za watu tumwiteje?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka, na awape faraja wote waliodhulumiwa, wa dini yetu na wasio wa dini yetu. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.